Vundu Kwenye Mshipi wa Perege

Jumatatu, 7 Oktoba

Perege wawili. Wadogo, kiganja changu kinawafunika. Mmoja nusura nimrudishe majini kwa aibu. Sikumrudisha! Aibu ya nini, na nyumbani hakuna kitu ila konzi chache za unga na ukwaju uliochanganywa na majivu?

Ziwa limerudi nyuma tena. Jiwe nililokuwa nakalia mwezi wa nane sasa liko nchi kavu, mbuzi wanalala juu yake. Maji yanaondoka, na sisi wanawake tunayafuata na mishipi yetu, tope hadi magotini. Visiki vya ile miti iliyozama bwawa lilipojazwa enzi za bibi zetu vimetoa vichwa nje. Ndoano zote zinaishia huko.

Baba Luyando, mume wangu, kanywa supu, kala samaki mmoja, kameza vidonge. Vimekaa! Nilikaa mlangoni namtazama koo mpaka akaniuliza nani kaniajiri ulinzi.

Nesi Mwiinga alisema wazi kabisa. Kifua kikuu kinapona, ila dozi isikatwe. Ikikatwa ugonjwa unakuwa sugu, na dawa hizi hazitaugusa tena. Sasa tumbo la huyu mwanamume likiwa tupu halikubali vidonge, linavirudisha. Basi kazi yangu ni samaki. Mengine yote yasubiri.

Mvua hakuna. Joto la kuua mtu.

Jumatano, 9 Oktoba

Mmoja. Kamla na kichwa, kanyonya na macho. Vidonge vimekaa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Sifuri.

Naandika hapa hapa ziwani, mshipi kwenye kidole, daftari kwenye goti. Mama Choolwe jirani yangu ananicheka. Unamwandikia nani, mwenzangu? Perege hawasomi. Nikamwambia simwandikii mtu. Nikiyaweka moyoni yote nitapasuka.

Yeye kapata watatu. Kanipa mmoja. Nilisema hapana, hapana, una watoto. Kisha nikampokea upesi kabla hajabadili mawazo.

Jumapili, 13 Oktoba

Minyoo imekwisha. Nimechimba bondeni palipokuwa na bustani, nimechimba nyuma ya bafu, nimechimba hata pale tunapomwaga maji ya vyombo. Ardhi imekuwa tofali. Leo nimekwangua ukoko wa uji kwenye sufuria, nikaufinyanga, nikautia kwenye ndoano.

Baba Luyando kaniona.

“Unawalisha samaki uji wangu?”

“Nawakopesha. Watarudisha.”

Hawakurudisha. Vidagaa vimeumenyamenya ukoko wote na mimi nimeketi tu nahisi mshipi unatekenywa. Nililia kidogo. Kwa hasira, si kwa huzuni. Mtu na akili zake anatupa chakula ziwani akitumaini chakula!

Unga wa msaada bado. Wanasema lori liko njiani. Hiyo njia sijui inaanzia wapi.

Jumanne, 15 Oktoba

Leo sijui niandike nini. Niandike tu.

Dawa zile zinageuza mkojo. Unakuwa wa rangi ya chungwa, hata nesi alituonya tusishtuke. Mimi ndiye ninayemwaga beseni lake asubuhi kwa sababu hawezi kutembea hadi chooni. Leo nimemwaga — mkojo mweupe. Nikasimama nje na beseni tupu mkononi. Nikakumbuka na wa jana. Nao ulikuwa mweupe, mimi nilikuwa nawaza chambo.

Nikaingia, nikainua mkeka. Vidonge viko pale. Vimelainika kwa mate, vimekauka tena.

“Hivi vya lini?”

Akageukia ukuta.

“Nakuuliza, Baba Luyando!”

“Vya siku ambazo hukuleta kitu,” akasema. “Ulitaka nivitapike mbele yako? Ndivyo unavyopenda? Ukae unipanguse kidevu?”

“Unajiua.”

“Njaa inaniua. Vidonge vinasukuma tu. Leta chakula, nitameza. Usipoleta, usinitazame koo.”

Leta chakula! Kana kwamba nimekificha! Nilitoka, nikaenda zizini kwa mbuzi wa jirani, nikamtukana beberu mmoja matusi yote niliyokuwa nayo. Yeye anatafuna tu.

Huyu mwanamume miaka yote aliendesha boti za wageni wanaokuja kuvua. Alibeba samaki wa watu mabegani mpaka mifupa ikapinda. Sasa anakufa kwa kukosa perege. Na mimi nina hasira naye, naandika ukweli. Nampenda na ningemchapa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Kuna kitu kimekata mshipi wangu. Kitu kizito. Kilipita tu chini, kikabeba ndoano na chubwi la kuzamishia, hata hakikugeuka kuangalia. Nimebaki na ndoano moja, ile ndogo. Chubwi nimetengeneza kwa nati ya baiskeli.

Mkojo mweupe. Amemeza mbele yangu, baada ya dakika chache akaurudisha ule ukwaju, na vidonge ndani yake. Nilivitafuta kwenye matapishi nikitaka kuvihesabu. Nimefika huko.

Jumapili, 20 Oktoba

Syabbalo kafanya mambo leo!

Ukoo wake na ukoo wa Baba Luyando ni watani. Hakuna neno asiloruhusiwa kumwambia, hata kaburini ataruka juu na kudai blanketi la maiti. Basi asubuhi, watu wanatoka kanisani, tunasikia kilio uani. Kilio cha kweli, cha msiba. “Uuuwi! Amekwenda! Amekwenda yule mvivu! Nani atatuibia tumbaku sasa?” Mama Choolwe akatupa ndoo akaja mbio ameshika kichwa. Ni Syabbalo, kajipaka majivu usoni, amebeba jembe.

Akaingia hadi kitandani. Akampima Baba Luyando kwa mpini wa jembe, kuanzia kichwani hadi miguuni.

“Mfupi,” akasema. “Kazi ndogo. Shimo la mbwa litatosha. Shemeji, baada ya arubaini nitakuchukua mimi, unanukia samaki.”

“Toka kwangu, mshenzi wewe!”

“Maiti inaongea! Jamani, maiti ya ukoo huu haina adabu!”

Baba Luyando akakaa. Akakaa mwenyewe, bila kushikwa! Alikuwa anakohoa na kucheka na kutukana kwa pamoja. “Mke, lete vidonge. Lete nimeze huyu fisi aone. Nitakuzika mimi, Syabbalo, na sitanawa mikono.” Akameza vyote kwa mkupuo. Syabbalo akampigia makofi kwenye jembe.

Nilifurahi hadi nikacheza mguu mmoja.

Syabbalo alipofika barabarani, vilirudi. Vyote. Hata hasira haisaidii, tumbo halijui utani. Nilipotoka nilimkuta Syabbalo amerudi, amesimama nyuma ya ghala, majivu yamelowa usoni. Kaniambia, mama, mpe kitu ale, chochote. Mtumbwi wake nao haupati kitu, kanipa ndimu mbili.

Jumatano, 23 Oktoba

Kliniki. Nesi Mwiinga hakunifokea, na hilo ndilo limeniogopesha. Kaniuliza amekosa dozi ngapi, nikasema ukweli. Akaweka kalamu chini. Akasema wiki hii arudi kwenye dawa na zikae, bado tunaweza kumwokoa papa hapa. Akiendelea kukosa itabidi apelekwe mbali, dawa nyingine, ndefu, kali kuliko hizi, na kwa mwili ule hana hakika.

Nikauliza kama kliniki ina chakula. Akatazama dirishani. Kisha akafungua mkoba wake akanipa muhogo wake wa mchana. Baba Luyando kaula nusu. Vidonge vikakaa!

Kumbe inawezekana. Ndiyo maana silali.

Alhamisi, 24 Oktoba

Sikukuu ya uhuru. Ngoma ziko uwanja wa shule, wanaume wote wako huko, Syabbalo naye. Ufukweni niko mimi na Mama Choolwe tu, anafua gauni lake la sherehe. Mbali kidogo kuna mamba amelala mdomo wazi, tunamwangalia naye anatuangalia.

Chambo sina. Unga umebaki konzi moja, nimeuacha nyumbani kwa uji wake wa jioni. Huo siugusi. Mama Choolwe kanirushia kipande cha sabuni yake ya bluu.

“Weka hii! Labda leo perege nao wana sherehe, wanataka kuoga.”

Tukacheka. Nikaiweka kweli. Nimeifunga kwa uzi niliochomoa kwenye chandarua ili isiteleze.

Sabuni! Kila mtoto hapa anajua sabuni ni chambo cha nani. Cha vundu, kambare mkubwa kuliko makambare wote, yule ambaye watu wazima wawili wanambeba kwa mti. Harufu ya sabuni inamtoa hata shimoni. Lakini wanaomtega wana kamba nene, ndoano za kutundikia nyama, na mtumbwi. Hakuna mwenye akili timamu anayetia sabuni kwenye mshipi wa perege. Mimi nimetia. Nimejiambia bora ndoano yenye sabuni kuliko ndoano tupu.

Bado Alhamisi

Mungu wangu. Mungu wangu.

Sijui kama mwandiko huu utasomeka.

Hakugusa kama perege anavyogusa. Mshipi ulianza tu kwenda. Polepole. Nikadhani nimenasa gogo linaloelea. Nikakaza — gogo likakasirika! Chupa niliyozungushia mshipi ikaniruka mikononi, ikawa inabingirika topeni kuelekea majini, nikairukia kwa tumbo. Mshipi umenikata kidole, damu imejaa kwenye ukurasa huu, basi. Mama Choolwe anapiga kelele achia, mwanamke, achia, atakuingiza majini mamba akule!

Niachie? Nimwachie nani?

Sikuvuta. Uzi huu ukiuvuta kwa nguvu unakatika kama nywele. Nilimpa. Alipotaka mshipi nilimpa, alipopunguza nilirudisha kidogo, nimeushika kwa kitambaa nilichovua kichwani. Nilimfuata kwa magoti kwenye tope lote lile. Alielekea visikini. Nilisema maneno ambayo hata hapa siyaandiki. Nikarudi pembeni, pembeni kabisa, nikimlazimisha kwa upande, na akageuka! Si kwa nguvu zangu. Sijui kwa nini aligeuka.

Kisha akazama na kulala chini. Chupa imebaki na mizunguko michache tu.

Sasa amekaa. Havuti, hasogei. Nimejaribu kumnyanyua kidogo tu, ni sawa na kunyanyua nyumba. Mama Choolwe kakimbia uwanjani kumleta Syabbalo, kalivaa gauni lake la sherehe likiwa bado limelowa. Mimi nimeketi mbali kidogo na maji, kwa ajili ya yule mamba. Mshipi mkono wa kushoto, kalamu wa kulia.

Naandika ili nisivute. Mkono huu ukikosa kazi utavuta, najijua.

Bado Alhamisi

Jua limepanda. Hajasogea. Ngoma zinaendelea huko. Mama Choolwe harudi.

Vundu, sikiliza. Sijawahi kukudharau. Sina ugomvi na wewe. Nina mtu nyumbani ambaye tumbo lake halishiki dawa. Wewe ukikatwa vipande ukakaushwa kwa moshi ni chakula cha mpaka mvua. Supu ya kichwa chako siku mbili. Sitakula mimi, nakuapia, nitaramba kijiko tu.

Ananijibu nini? Hata hatikisi mshipi.

Na ndoano ni ile ndogo! Ndoano ya perege! Imemshika wapi? Labda kwenye ngozi ya mdomo tu, labda akipiga chafya inatoka. Samaki wanapiga chafya? Nimeanza kuwa kichaa.

Kiu. Maji yako pale, hatua chache, na siwezi kusogea kwa sababu nikisogea mshipi unalegea. Mkono wa kushoto siusikii tena. Nilijaribu kuufunga mshipi kwenye kisiki kidogo hapa nyuma yangu nipumzike, nikaogopa. Kisiki hakijui kuachia.

Nalia. Sawa. Hakuna mtu.

Mamba kaingia majini. Sikumwona anaingia. Nimetazama tu, pale alipokuwa pamebaki tope.

Bado Alhamisi

Kuna watu wanakuja. Wawili. Mama Choolwe namtambua kwa gauni. Mwingine anatembea vibaya, anasimama, anatembea. Si Syabbalo.

Siyo yeye. Haiwezekani awe yeye.

Ni yeye! Baba Luyando! Anakuja na mchi wangu wa kutwangia, anauegemea kama fimbo! Mtu ambaye hafiki chooni!

Bado Alhamisi

Amekaa hapa ubavuni kwangu. Alipofika alikuwa anatafuta pumzi, mbavu zinacheza. Mama Choolwe kasema Syabbalo hakumwona uwanjani, akapita kwetu kunichukulia kamba, na huyu bwana alipoyasikia akaweka miguu chini. Alimkataza, akamzuia mlangoni. Kasukumwa kwa mchi.

Kaweka vidole viwili juu ya mshipi. Kafumba macho.

“Vundu,” akasema. “Na ni jike, mama mwenye nyumba.”

“Najua.”

“Nani kakufundisha kutia sabuni kwenye uzi wa perege?”

“Njaa.”

“Hm. Wageni wangu walilipa nauli ya ndege kumtafuta huyu, wakaenda mikono mitupu.” Akakohoa, akageuza uso pembeni, akatema, akarudi. “Hujamvuta?”

“Sijamvuta.”

“Hata alipolala?”

“Kidogo.”

“Usimvute tena. Amejibandika chini, huwezi kumbandua. Mkere. Piga mshipi kwa ukucha, hivi. Polepole, usichoke. Hapendi kelele. Atanyanyuka mwenyewe kutafuta pa kulala, na akinyanyuka ndipo unamwongoza.”

Basi tunapiga mshipi kwa ukucha, kwa zamu. Mimi, yeye, mimi, yeye. Zamu yake ndiyo naandika. Mama Choolwe kasimama mbele yetu na mchi, anapiga maji ukingoni kumfukuza mamba, na kila akipiga anamtaja mwenye duka aliyemuuzia lile gauni, kana kwamba ndiye anayechapwa. Nimecheka. Leo nimecheka!

Kisha Baba Luyando akaingiza mkono mfukoni. Akatoa vidonge. Vya leo, vyekundu, vimeshika vumbi la tumbaku.

“Subiri,” nikamwambia. “Subiri atoke, nikupikie kwanza. Nitawasha moto hapa hapa.”

“Yule hana haraka. Mimi ndiye sina muda.”

“Tumbo tupu! Utatapika!”

“Nitatapika wapi, na nimeshika mshipi wako? Nitetemeke, nimkatie samaki mshipi?” Akamwambia Mama Choolwe amchotee maji. Mama Choolwe kachota kwa kiatu chake cha sherehe, hakuna chombo kingine. Kameza vyote. Kisha akaurudisha mkono kwenye mshipi.

Nilitaka kumshika kichwa. Sina mkono.

Amefumba mdomo. Jasho linamtoka hadi kwenye nyusi, naliona koo lake linapanda, linashuka, linapanda. Nahesabu. Bado viko ndani. Ukucha wake haujaacha kupiga. Bado viko ndani.

Mshipi umeanza kutembea. Siyo yeye aliyeusogeza, ni chini kule. Kanyanyuka! Sijui anakwenda upande gani, visikini au huku kwetu, na Baba Luyando hawezi kufungua mdomo aniambie. Ananionyesha kwa kichwa tu. Niache kalamu, nishike chupa.